Kufuli ya seva yetu: nani atashika ufunguo?

(Maneno ya komite ya mawasiliano mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa wafadhili wetu walio mbali.)



Katika mkutano uliopita mama mmoja aliuliza hivi: "Mnatuambia pesa ya seva imeenda kwenye ulinzi. Huo ulinzi uko wapi? Sisi hatuoni mlinzi, hatuoni kufuli." Watu walicheka, lakini swali lile lilikuwa la haki, na siku ile hatukulijibu vizuri. Leo tumekuja kulijibu. Tumekuja pia kuungama kosa letu moja, kwa sababu tukiwaambia mazuri tu, mtatuamini bure.

Tuanze na pesa. Kufuli yenyewe haikununuliwa. Ni ya bure, tutaeleza namna gani. Pesa mliyotoa imelipa vitu vitatu: kodi ya seva, jina la chama kwenye intaneti, na megabaiti za kijana anayeitunza. Kwa hiyo mtu akija kwenu akasema anauza "kufuli ya seva" kwa dola mia mbili, mwambieni kwanza aje aonane na komite.

Ndani ya seva kuna nini

Seva ni kompyuta isiyozimwa. Yetu haiko hapa biro, kwa sababu hapa umeme unakatika. Iko mahali umeme upo saa zote, na sisi tunapangisha nafasi yetu pale. Inafanya kazi mbili. Ya kwanza, inaweka kurasa za chama, ambamo mwanachama anaingia kwa neno lake la siri na kuangalia mchango wake. Ya pili, inapokea na kutuma barua pepe za chama.

Sasa fikirini ni nini kinapita pale. Majina ya familia zilizorudi, na kijiji ambacho kila moja imefikia. Namba za simu. Nani amechangia, nani amekopa, nani ni mgonjwa na anasaidiwa. Makaratasi ya kesi za mashamba: mtu amerudi, amekuta shamba la baba yake linalimwa na mwingine, na chama kinamsaidia kuandika. Kisha barua za wafadhili, pamoja na namba ya konti.

Sisi ni watu tuliokimbia. Kila mmoja aliyepita kambi za Kigoma anajua uzito wa jina kwenye karatasi. Jina likiwa kwenye orodha ulipata chakula, ulipata nafasi ya meli ya kurudi Baraka. Lakini orodha hiyohiyo ikianguka katika mikono mingine, mtu anajua ni nani amerudi, analala wapi, na anadai shamba lipi. Ndiyo maana jambo hili siyo la vijana wa kompyuta peke yao. Ni la chama chote.

Barua bila bahasha

Mnakumbuka tulivyokuwa tunaandikiana wakati tuko Lugufu au Nyarugusu. Ukitaka kumfikishia habari ndugu aliyebaki Fizi, ulimpa barua mtu anayevuka ziwa. Huyo alimpa mwingine, mwingine akampa dereva, mpaka ifike. Kama haikufungwa, kila mkono uliweza kuisoma. Mkono mmoja mbaya uliweza hata kuongeza mstari wake.

Intaneti iko hivyohivyo. Ukiwa hapa na unaandika neno lako la siri, linapita kwenye kifaa cha waifai, linapita kwa kampuni ya simu, linapita kwenye nyaya za nchi kadhaa, ndipo linafika. Wale waliopanga utaratibu wa barua pepe mwaka 1982 walikuwa wachache na walijuana. Walipanga barua ifike, hawakupanga ifungwe. Kwa hiyo mpaka leo, seva isiyowekwa kufuli inapitisha kila kitu wazi, pamoja na neno la siri. Anayekaa katikati na programu ya kawaida tu anasoma.

Kulinda barua hiyo kunaitwa kusimba: kuyageuza maneno kuwa fumbo ambalo ni pande mbili tu zinaweza kulifumbua. Utaratibu unaotumika unaitwa TLS. Mzazi wake, SSL, ulitolewa na kampuni ya Netscape mwaka 1995, na TLS ya kwanza ikaja mwaka 1999. Matoleo ya zamani yana matundu. TLS 1.0 na 1.1 zilitangazwa rasmi mwaka 2021 kwamba zisitumike tena. Zinazofaa leo ni 1.2, ya mwaka 2008, na 1.3, ya mwaka 2018. Kwenye seva yetu tumeruhusu hizo mbili tu.

Inafanyaje kazi? Simu yako ikigonga mlango wa seva, seva inaonyesha cheti. Cheti ni kama ile barua ya utambulisho ambayo chifu anakuandikia na kupiga muhuri: mwenye barua hii ndiye kweli mwenye jina hili. Simu yako iko na orodha ya wenye mihuri inayowaamini. Inaangalia mambo matatu: muhuri ni wa anayeaminika? Jina kwenye cheti ndilo jina nililoita? Tarehe haijapita? Yote yakiwa sawa, simu na seva zinakubaliana ufunguo wa mazungumzo yale tu. Ajabu yake ni kwamba ufunguo huo hautumwi njiani. Kila upande unaufanyia hesabu kwake na wote wawili wanafikia jibu moja, na anayesikiliza katikati hawezi kulipata. Mazungumzo yakiisha, ufunguo unatupwa. Kwa hiyo hata mwizi akiiba kesho ufunguo mkuu wa seva, hawezi kufumbua maneno ya jana aliyoyarekodi.

Zamani muhuri ulikuwa wa kulipia, na vyama vidogo kama sisi viliacha. Tangu Desemba 2015 kuna Let's Encrypt, inayoendeshwa na shirika la Marekani lisilo la faida, Internet Security Research Group. Inatoa vyeti bure kwa yeyote mwenye jina lake kwenye intaneti. Haiulizi pasipoti. Inakuambia: kama jina hili ni lako kweli, weka faili hii yenye maandishi haya kwenye seva ya jina hilo, nitakuja kuiangalia. Ikiikuta, inakupa cheti. Kazi hiyo yote inafanywa na programu inayoitwa Certbot, nayo ni ya bure. Cheti tulichonacho kinadumu siku 90, kisha kinatakiwa kufanywa upya. Hizo siku 90 ndizo zilizotuletea taabu, tutafika huko.

Tulichofanya kwenye kurasa

Tunaeleza kwa mpangilio, ili vyama vingine vya waliorudi vinavyosoma jarida hili navyo viweze kufanya.

Seva iko na milango yenye namba. Kurasa zisizo na kufuli zinapita mlango wa 80, zenye kufuli zinapita mlango wa 443. Tuliomba cheti kwa Certbot, tukakiweka kwenye programu ya Nginx inayogawa kurasa, tukaamuru kila anayegonga mlango wa 80 apelekwe kwenye 443. Hapa tulikosea mara ya kwanza: tulidhani ni akili kuufunga kabisa ule wa 80. Kumbe Let's Encrypt inapokuja kuangalia faili yake, inapita mlango huohuo. Tulifunga, cheti kikakataa kujifanya upya, tukaufungua tena. Acheni uwe wazi, ila usigawe kitu chochote isipokuwa faili ile na agizo la "pita kule".

Ufunguo mkuu wa seva tumeuweka pahali ambapo ni msimamizi wa seva tu anaweza kuusoma. Haukutumwa kwa WhatsApp, haukunakiliwa kwenye flashi. Ufunguo uliopita kwa WhatsApp mhesabu kwamba umepotea, mfanye mwingine.

Halafu tuliwasha agizo linaloitwa HSTS. Linaiambia simu ya mwanachama: kurasa hizi usizifungue kamwe bila kufuli, hata mwenyewe akikuomba. Likiwaka, onyo la cheti kibovu halina tena kile kitufe cha "endelea". Ni zuri, lakini ni kali. Cheti kikiharibika, hakuna anayeingia, hata sisi. Kwa hiyo tulianza na dakika tano, tukapanda siku moja, tukapanda wiki, na baada ya kuona kila kitu kinasimama ndipo tukaweka muda mrefu.

Tulichofanya kwenye barua

Barua ni ngumu kuliko kurasa, kwa sababu ina njia tatu, na watu wengi wanafunga moja wakidhani wamemaliza.

Njia ya kwanza ni mwanachama anayesoma barua zake. Inapita kwenye programu ya Dovecot, mlango wa 993, ambao umefungwa kwa kufuli tangu mwanzo. Milango ya zamani, 110 na 143, tumeifunga kabisa kwa watu wa nje.

Njia ya pili ni mwanachama anayetuma. Inapita kwenye programu ya Postfix, mlango wa 465, au 587. Wa 587 unaanza wazi, kisha pande mbili zinaambizana "tufunge sasa". Tumeamuru kwamba kabla ya kufunga, seva isikubali hata kusikia neno la siri.

Njia ya tatu ni seva yetu na seva za wengine, kwa mfano ile ya mfadhili. Inapita mlango wa 25, na hapa hatuna amri kamili. Seva yetu inamwuliza mwenzake: uko na kufuli? Akisema ndiyo, wanafunga. Akisema hapana, barua inaenda wazi. Tukilazimisha kwa wote, barua nyingine hazitafika kabisa, na mtu wa katikati anaweza pia kulifuta lile jibu la "ndiyo" ili barua ipite wazi. Dawa iliyotoka mwaka 2018 inaitwa MTA-STS: unatangaza kwenye kurasa zako zenye kufuli kwamba anayekuletea barua lazima afunge, la sivyo asilete. Tumetangaza. Upande wetu pia, kwa wafadhili ambao seva zao tunazijua, tumeiandikia Postfix orodha: kwa hawa, bila kufuli usitume.

Wafadhili, hapa tuna ombi lisilo la pesa. Waulizeni mafundi wenu kama seva yenu inakubali TLS kwenye mlango wa 25, na kama mmetangaza MTA-STS. Nusu ya njia iko kwenu.

Kosa letu

Sasa tufike kwenye kuungama.

Certbot inafanya cheti upya kabla siku hazijaisha, peke yake, usiku watu wamelala. Tuliiwasha, tukaona kwenye kurasa cheti kimebadilika vizuri, tukapeana mikono. Kile ambacho hatukufikiri ni kwamba Dovecot inasoma cheti inapowaka, kisha inakishika kichwani. Cheti kipya kilikuwa kimelala kwenye folda, na Dovecot iliendelea kuonyesha cha zamani, siku kwa siku, mpaka tarehe yake ikapita.

Asubuhi hiyo simu zilianza kulia. "Imeli inakataa. Inaandika kwamba cheti hakiaminiki. Tufanye nini?" Wengine walikuwa wanangojea majibu ya karatasi za watoto wa shule, wengine kesi. Tulikuwa na haraka. Na sisi, komite yenu ya mawasiliano, tuliwajibu hivi: "Gusa endelea. Hakuna shida, ni yetu."

Mchana tulipata sababu, tukaiwasha Dovecot upya, ikaisha. Tulidhani imeisha.

Baada ya wiki chache, mama mmoja wa chama chetu alikuwa safarini. Alifungua imeli kwenye waifai ya bure. Simu yake ikampa onyo. Alikumbuka tulichomwambia, akagusa "endelea". Safari hii hatukuwa sisi. Kulikuwa na mtu katikati, na mama alimpa neno lake la siri bila kujua.

Yule mtu hakufanya haraka. Alisoma. Alipoona kuna msiba katika chama na michango inakusanywa, aliandika kwa jina la mama, kwa anwani yake ya kweli, kwa maneno yanayofanana na yake: namba ya kupokelea mchango imebadilika, tumeni kwa hii. Familia mbili zilituma. Ya tatu ilimpigia mtunza fedha kwa sauti kabla ya kutuma, na hapo ndipo tukajua.

Pesa ya msiba. Mnajua wenyewe maana yake. Komite ilirudisha pesa za familia zile mbili kutoka mifukoni mwetu, na mazishi yalifanyika. Lakini mama yule aliacha kuja kwenye mikutano kwa muda mrefu. Alikuwa anasema, "Nimeiba pesa ya marehemu." Tulienda nyumbani kwake, na leo tunasema mbele yenu wote, kwa ruhusa yake: kosa halikuwa lake. Simu yake ilimwonya. Sisi ndio tuliomfundisha kulipuuza onyo. Tunaomba msamaha kwake na kwenu.

Tuligundua nini? Kufuli ilikuwa nzima. TLS haikuvunjwa na mtu yeyote. Kilichovunjika ni tabia, na tuliivunja kwa mdomo wetu asubuhi moja ya haraka.

Onyo linasema nini

Tangu siku ile, komite iko na sheria moja, nasi tunaomba iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano huu: hakuna mtu wa komite atakayewaambia tena mguse "endelea". Ukisikia mtu anasema hivyo, hata akiwa Prezida, mkatalie. Tukiwa na kosa upande wetu, tutawaambia: "Subirini, tunatengeneza." Kusubiri nusu siku hakuui mtu.

Ukiona onyo, angalia kwanza tarehe ya simu au kompyuta yako. Kompyuta ya biro yetu ilitusumbua siku tatu, kila ukurasa ulikuwa onyo. Kumbe betri ndogo ya ndani inayoshika saa ilikufa, na kila umeme ulipokatika kompyuta ilirudi miaka ya nyuma. Kwake yeye, vyeti vyote vilikuwa bado havijaanza. Tulibadilisha betri, onyo likaisha.

Angalia pia umri wa simu. Simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 hazina muhuri mkuu wa Let's Encrypt kwenye orodha yao. Zilisaidiwa na muhuri wa kuazima mpaka 30 Septemba 2024, ukaisha. Wazee wetu wenye simu hizo, msidhani mmefanya kosa. Njooni biro mpate habari zenu kwa mdomo, na tuangalie jinsi ya kusaidiana.

Kama tarehe ni sawa na simu siyo ya zamani, toka kwenye waifai ile, tumia megabaiti zako, ujaribu tena. Onyo likiendelea, simama. Tupigie.

Kile ambacho kufuli haifanyi

Tusiwadanganye. Kufuli hii inalinda njia, hailindi nyumba. Barua ikishafika kwenye seva, inalala pale wazi kwa mwenye funguo za seva. Ndiyo maana diski ya nakala za akiba, ile yenye orodha za familia na kesi za mashamba, tumeisimba yenyewe, na makaratasi ya kesi iliyokwisha tunayatoa.

Pia kufuli haisemi kama mwenye mlango ni mtu mwema. Let's Encrypt inathibitisha jina, haithibitishi moyo. Mwizi anaweza kuandikisha jina linalofanana na letu, herufi moja tofauti, akapata cheti kizuri kabisa. Kwa hiyo someni jina, msiangalie kufuli peke yake.

Na habari yoyote ya kubadilisha namba ya pesa, iwe imetoka kwa nani, lazima ithibitishwe kwa sauti, kwa namba tuliyokuwa nayo zamani, siyo ile iliyoandikwa kwenye barua. Wafadhili, hii ni kwenu pia. Mkipokea barua yetu yenye konti mpya, tupigieni.

Nani ashike ufunguo

Tunamalizia na jambo ambalo tumeliletea mkutano huu uamuzi.

Mpaka sasa, kijana mmoja ndiye anayejua kila kitu cha seva. Ni mwaminifu. Lakini akipata kazi mbali, au akiugua, cheti kitafika siku yake na hakuna atakayejua. Mbaya zaidi, jina la chama kwenye intaneti liliandikishwa kwa jina lake mwenyewe, siku zile za mwanzo, kwa sababu hatukuwa na konti. Jina hilo lisipolipwa kwa mwaka, mtu mwingine anaweza kulichukua, kuomba cheti, na kukipata kwa haki. Atakuwa sisi, mbele ya dunia yote, na simu haitatoa onyo lolote.

Ndugu wanachama, jambo hili tunalijua kutoka AVEC zetu. Sanduku la akiba liko na kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na hakuna kati yao anayelala na sanduku. Hatukufanya hivyo kwa sababu tunamshuku mtunza sanduku. Tulifanya hivyo ili yeye mwenyewe asibebe mzigo wa kushukiwa, na ili sanduku lisife naye. Kwa nini seva, iliyobeba majina yetu, ikae kwa mtu mmoja?

Tunaomba mambo manne.

La kwanza, jina la chama liandikishwe upya kwa jina la chama, na lilipwe kwa miaka mitatu mbele.

La pili, watu watatu wafundishwe seva, angalau wawili wakiwa wasichana, maana ndio wanaobaki hapa wakati wavulana wanaenda migodini na ziwani. Kila mmoja awe na njia yake ya kuingia, ili tujue nani amefanya nini. Maneno ya siri ya dharura yaandikwe kwenye karatasi, yatiwe kwenye bahasha iliyofungwa, yawekwe kwenye sanduku la kufuli tatu.

La tatu, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mmoja wa hao watatu aangalie kwa macho yake tarehe ya mwisho ya cheti, kwenye kurasa na kwenye barua, kila mlango peke yake, na aandike kwenye daftari. Tusitegemee kukumbushwa. Let's Encrypt ilikuwa inatuma barua za kukumbusha, lakini iliacha mwaka 2025. Mashine imeshapewa agizo la kuwasha upya Dovecot na Postfix kila cheti kinapobadilika, tumeliweka kwenye folda ya Certbot ya renewal-hooks/deploy. Tena kabla ya kila Jumamosi hiyo tunafanya zoezi kwa amri ya certbot renew --dry-run, inayojaribu bila kubadilisha kitu. Lakini agizo la mashine linaweza kuharibika kimya. Daftari halinyamazi: ukurasa mtupu unaonekana.

La nne ni kwa wafadhili. Baadhi yenu mmependekeza kutununulia seva kubwa zaidi. Aksanti sana, tunajua ni kwa moyo mzuri. Lakini iliyopo inatosha. Tusaidieni kwa mafunzo ya hawa watatu, betri za kompyuta za biro, na malipo ya jina la chama. Ni pesa kidogo, haina picha nzuri ya kupiga, wala hakuna mahali pa kubandika nembo yenu. Ndiyo inayohitajika.

Mama aliyeuliza kufuli iko wapi, sasa tunakujibu. Nusu yake iko kwenye seva, na siku 90 zikikaribia inataka mtu wa kuikumbuka. Nusu nyingine iko mkononi mwako, siku ile simu inapokuonya na unakataa kupita.

Mwisho, yule mama wa safari yuko hapa leo, amekaa kati yetu. Hatutamtaja. Ila ametuambia kwamba kama mkutano utakubali, yeye anataka kuwa mmoja wa watatu, yule wa kuangalia tarehe na kuandika kwenye daftari. Amesema, "Mimi sitasahau." Komite inamkubali kwa mikono miwili, na tunawaombeni mumpigie kura.